Maji Yanayopanda Ukutani: Nyumba za Tabora na Msimu wa Mvua

Tabora haina vuli na masika. Pwani hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Unyamwezi, ambako Tabora ipo, hupata mara moja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziita mvua za msimu. Wenyeji wa bara husema kifuku. Baada ya hapo inakuja nusu nzima ya mwaka ambayo mawingu hupita bila kudondosha kitu. Ufa wa ukutani unajaa vumbi, tundu la bati halionekani, na mtaro unageuka njia ya kupitia mbuzi. Kwa miezi sita nyumba mbovu na nyumba nzima zinafanana. Ndiyo sababu ya kwanza ya hasara tunazozipata kila mwaka: kiangazi ndio wakati wa kutengeneza, na ndio wakati ambao hakuna kinachotukumbusha kutengeneza.

Tupige hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Tabora hupata wastani wa milimita 900 na zaidi kwa mwaka. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 10 basi inapokea lita 90,000 katika msimu mmoja, na mvua moja kubwa ya milimita 50, inayoweza kunyesha jioni moja ya Januari, inamwaga lita 5,000 kutoka kwenye paa hilohilo. Maji hayo yote lazima yaende mahali. Mwenye nyumba asipoyachagulia njia, yanashuka kwenye kingo za bati na kuchimba mfereji wake chini kabisa ya ukuta.

Tukizungumzia maji kuharibu nyumba, wengi wetu tunafikiria paa linalovuja. Naona tunatazama pasipofaa. Paa linalovuja ni kero, lakini linajitangaza lenyewe: beseni linawekwa chini, fundi anaitwa, bati linazibwa. Maji yanayoangusha nyumba za Tabora hayatoki juu. Yanatoka chini na pembeni, kimya kimya, na mwenye nyumba anaweza kuishi nayo miaka kumi akidhani shida yake ni rangi isiyodumu.

Pita Isevya, Ng'ambo au Kiloleni mwezi wa Februari, utazame kuta kuanzia chini hadi usawa wa goti. Utaona mstari. Chini yake rangi imekolea, imevimba na kumenyuka kama magamba. Juu kidogo kuna unga mweupe unaoganda vidoleni. Hiyo ni chumvi ya ardhini, imepanda pamoja na maji na kubaki pale yalipokauka. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole: palipo pazima panatoa sauti nzito, palipoachana na tofali panalia kama debe tupu. Bonyeza kwa nguvu, kipande kinaanguka, na nyuma yake unakuta udongo ambao zamani ulikuwa tofali.

Tofali na udongo vina vinyweleo vyembamba vinavyovuta maji juu, kama utambi wa kibatari unavyovuta mafuta ya taa. Msingi ukikaa kwenye udongo uliolowa, na kati ya msingi na ukuta kusiwe na kizuizi, maji yanapanda. Tofali la kuchoma linavumilia kwa muda. Tofali bichi, lile linalofyatuliwa na kuanikwa juani tu, halivumilii, kwa sababu nguvu yake yote imo katika ukavu wake. Likilowa kiini linarudi kuwa tope, na uzito wa ukuta mzima wa juu unakalia tope hilo.

Hapo ndipo tunapoongeza kosa la pili kwa nia njema. Ukuta wa udongo ukianza kumomonyoka, mwenye nyumba anaweka akiba, ananunua saruji na kuupiga plasta ngumu ili maji yasiingie. Lakini maji yanayoupandia yanatoka ndani ya ardhi, na plasta ya saruji inayafungia humo. Zamani yalipanda mchana na kukaukia usoni mwa ukuta. Sasa hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, yanalainisha tofali nyuma ya ganda gumu, na siku ganda likibanduka linaondoka na nusu ya ukuta. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua tatizo hili vizuri, kwa sababu kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa huharibika vivyo hivyo zinapofunikwa kwa saruji. Ukuta unaopumua unahitaji plasta inayopumua. Kwa Tabora hiyo ni udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, au mchanganyiko wenye chokaa, si saruji tupu.

Madhara ya udongo kulowa hayaishii kwenye mifuko ya watu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Machi 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliipiga Mwakata, wilayani Kahama, kaskazini ya mipaka ya Tabora. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa wamelala ndani ya nyumba zilizowaangukia. Mvua ile ilikuwa ya kipekee, na si haki kuwalaumu marehemu kwa ujenzi wa nyumba ambazo maelfu ya familia za Unyamwezi na Usukuma wanazijenga kwa uwezo walio nao. Lakini jambo moja lisemwe wazi kwa ajili ya walio hai: ukuta wa tofali bichi uliolowa chini ni hatari kuliko paa lililoezuliwa. Paa likiondoka unapata baridi na unalowa. Ukuta unaanguka ndani, kitandani.

Wazee wa njia ya misafara, iliyotoka pwani hadi Ujiji kupitia Tabora, waliishi katika udongo huohuo na mvua hiyohiyo. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wakiishi katika tembe: nyumba za kuta nene za udongo, zenye paa bapa la boriti, fito na tabaka la udongo ulioshindiliwa juu. Nyumba ya aina hiyo ipo Kwihara, nje kidogo ya mji, ambako wasafiri wengine, Stanley na Livingstone, walifika kutoka Ujiji tarehe 18 Februari 1872, katikati ya kifuku. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi kuelekea pwani. Livingstone akabaki akisubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Leo nyumba hiyo ni makumbusho, na mgeni akifika huonyeshwa mlango uliochongwa. Mimi ningependa aonyeshwe pia baraza.

Baraza ya mbele ilikuwa zaidi ya mahali pa kupokea wageni na kunywea kahawa. Ilikuwa upenu mrefu, uliouweka ukuta mkuu mbali na mvua inayopigwa na upepo na mbali na matone yanayoruka kutoka ardhini. Nyumba ya msonge ya Mnyamwezi ilifanya kazi hiyo kwa njia yake: paa la nyasi lilishuka chini mno, mtu akainama kuingia, na ukuta wa udongo ukabaki kivulini mwaka mzima. Nyumba zote mbili zilijengwa kwa kuamini kwamba udongo haupaswi kukutana na maji, na kwamba vikikutana mtu atatengeneza. Kila kiangazi paa la tembe lilishindiliwa upya, ukuta ukakandikwa, sakafu ikasiribwa. Kazi hiyo ilikuwa na majira yake kama kulima kulivyo na majira yake.

Simsifu mtu wa kale kupita kiasi. Paa la udongo lilivuja, likaongezewa udongo, likawa zito, na mara nyingine likadidimia pamoja na boriti zilizoliwa na mchwa. Nyufa za kuta zilifuga papasi walioeneza homa iliyowatesa wasafiri wa njia ile. Hakuna sababu ya kuyarudia hayo. Kilichofaa kuokolewa ni ile ratiba ya kiangazi na ule upenu, na hivyo viwili ndivyo tulivyovitupa.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na bati likapata njia rahisi ya kusafiri kutoka pwani. Bati lilileta nafuu kubwa: haliozi kama nyasi, halihitaji kushindiliwa. Lakini liliibadili tabia ya maji. Nyasi hunywa sehemu ya mvua na kuidondosha polepole. Bati linaipeleka yote kwa kasi kwenye mstari mmoja. Mstari huo, usipokuwa na gata, unachimba. Matone yanapiga ardhi tupu na kurusha tope ukutani kiasi cha futi moja kwenda juu, kila mvua, miaka yote. Nenda nyuma ya nyumba yoyote isiyo na gata utakuta mfereji mdogo sambamba na ukuta, na msingi umeanza kuonekana. Ajabu ni kwamba watu haohao wananunua maji ya ndoo mwezi wa Septemba. Gata na tangi vinazuia hasara na kuleta faida kwa mkupuo mmoja, na ni vifaa vichache vya ujenzi vinavyoweza kusemwa hivyo.

Sasa kuna mtindo mwingine, wa paa lililofichwa. Kuta zinapandishwa juu ya bati, nyumba inaonekana kama kasha la kisasa, na mbele ya barabara inapendeza kweli. Kwa macho imerudi kuwa tembe, lakini tembe isiyo na baraza. Upenu umeondolewa kabisa, kwa hiyo ukuta unapigwa na mvua kutoka juu hadi chini. Bati limelazwa kwa mteremko mdogo, na maji yote yanakusanywa kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta wa juu, wenye tundu moja au mawili ya kutolea. Jani la mwembe likiziba tundu hilo, na Tabora ni mji wa miembe, mfereji unafurika kuelekea ndani. Dari ya jipsamu inapata doa la rangi ya chai, kisha inabonyea, kisha inashuka. Sisemi mtindo huu hauwezekani. Unawezekana kwa mwenye mfereji mpana, matundu ya akiba, tabaka la kuzuia maji kwenye kiungo cha bati na ukuta, na mtu wa kupanda kusafisha kila mwezi wa mvua. Asiye na hivyo ajenge paa la kawaida lenye upenu wa sentimita 60 hadi 90, naye atalala.

Kuhusu bati lenyewe niseme machache, kwa kuwa mafundi wazuri wanayajua. Msumari unapigwa juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji yanapita, na kipira chake kinachakaa kwa jua kabla ya bati lenyewe. Mabati yalaliane vya kutosha, yakielekezwa kinyume cha upepo wa mvua. Kofia ikaguliwe. Kenchi zifungwe kwenye lenta, kwa maana dhoruba za mwanzo wa msimu huja na upepo kabla ya maji. Ukiona doa darini, usidhani tundu liko juu yake moja kwa moja. Maji hutembea kwenye mbao mita kadhaa kabla ya kudondoka. Fundi anayeziba juu ya doa bila kufuata njia ya maji atarudi kulipwa tena.

Ardhi nayo ina lake. Sehemu kubwa ya Tabora mjini ina udongo wa kichanga unaonywa maji haraka. Ukishuka mabondeni, au ukienda Igunga kuelekea Wembere, unakutana na udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyumba juu ya udongo huo inainuliwa na kushushwa kila mwaka, na nyufa zake za mshazari kwenye pembe za madirisha haziponi kwa plasta. Huko msingi unahitaji ushauri wa mhandisi kabla ya tofali la kwanza, na maji yazuiwe kabisa kukaa karibu na nyumba.

Na kuna mahali ambapo dawa pekee ni kutojenga. Mwisho wa njia ya misafara, Ujiji, unalionyesha hilo vizuri. Katika miaka ya 1870 Ziwa Tanganyika lilikuwa limejaa kuliko leo. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulipofungua njia yake karibu na mwaka 1878, ziwa likashuka karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone sasa ni mbali na ufuko. Watu wakaifuata ardhi iliyoachwa. Kuanzia mwaka 2020 ziwa limepanda tena, likaingia nyumba za ufukoni Kigoma, Uvira na Kalemie, na Gatumba nchini Burundi maelfu wakahama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, maziwa na bahari. Wengi huiona sheria hiyo kama usumbufu wa serikali. Aliyeona maji ya ziwa yakilala sebuleni kwa miezi anaiona kwa jicho jingine.

Maji ya bomba nayo yamekuwa sehemu ya habari hii. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria Nzega, Igunga na Tabora umeondoa dhiki ya miaka mingi, na hakuna anayetamani kurudi nyuma. Lakini nyumba nyingi sasa zina mabomba yaliyozikwa ndani ya kuta, na bomba linalovuja ndani ya ukuta linafanya kazi ya kifuku hata mwezi wa Agosti. Kipimo chake ni rahisi: funga koki zote usiku, soma mita, uisome tena alfajiri. Namba ikisogea, kuna mahali panavuja. Hata koki inayodondosha tone moja kwa sekunde inapoteza lita zipatazo 20 kwa siku, na kama iko nje, zinaishia kwenye msingi.

Maji yakishaingia, utaratibu ndio unaookoa. Umeme kwanza: zima mein swichi kabla ya kukanyaga maji, na usiiwashe hadi fundi umeme akague soketi zilizolowa. Kisha tazama kuta. Ukuta wa udongo uliolowa chini, uliovimba au kuegemea, haulaliwi karibu hata kama mvua imekatika. Kuta nyingi huanguka baada ya mvua, uzito wa maji ukiwa bado umo ndani. Baada ya hapo toa kila kinachonyonya maji: magodoro, mazulia, nguo, maboksi. Kuvu huanza kuota ndani ya siku moja au mbili. Fungua madirisha na milango pande zote mbili upepo upite. Kubandua plasta iliyoachana ni sawa, hata ni vizuri, ukuta upate hewa. Kuipiga upya wiki hiyohiyo ni kutupa fedha. Ukuta unahitaji wiki nyingi, pengine kiangazi chote, kabla ya kupokea plasta na rangi. Wanaopaka rangi ya mafuta ili kuficha doa wanaufungia ugonjwa ndani.

Chakula kiangaliwe kwa ukali zaidi kuliko samani. Familia nyingi huweka magunia ya mahindi na karanga chumbani, yakiegemea ukuta, kwa sababu huko ndiko kuliko salama na wezi. Gunia lililonyonya unyevu wa ukuta linaweza kuota kuvu upande mmoja tu, na mama akachota upande mwingine bila kujua. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu takriban 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kwa kupembua kwa haraka. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi mtu apitishe mkono, na yaliyoota kuvu yasiliwe wala kuku wasipewe. Mkulima wa tumbaku anaujua ulinzi huu tayari; marobota yake hayawekwi sakafuni kwa sababu soko litayakataa. Mahindi ya watoto yanastahili uangalifu uleule.

Limebaki suala la nani anawajibika, na hapa mji umelala. Mpangaji anaona doa, mwenye nyumba anaishi Dar es Salaam au Mwanza, na kodi ya miezi sita imeshalipwa. Mpangaji hatengenezi nyumba isiyo yake. Mwenye nyumba hatengenezi asichokiona. Mkataba wa kupanga ungeweza kumaliza ubishi huu kwa sentensi moja inayosema nani atasafisha gata na mtaro kabla ya Novemba, na kwa fedha ya nani. Kwa mwenye bima, asome masharti kwa makini: bima nyingi za nyumba hulipa maji yaliyoingia kwa ghafla, si unyevu uliopanda taratibu kwa miaka.

Kisha kuna mtaa. Barabara ikiinuliwa kwa kifusi na mtaro wake ukaishia njiani, nyumba za pembeni zinageuka bonde. Mmoja akizungushia ukuta uwanja wake bila kuacha njia ya maji, anaivusha mvua yake kwa jirani. Haya hayatatuliwi kwa gata la mtu mmoja. Yanahitaji TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), manispaa na serikali za mitaa kukubaliana kwamba mtaro usio na mwisho haujakamilika, na kibali cha ujenzi kisitolewe kwa ramani isiyoonyesha maji yanaelekea wapi.

Kwa anayejenga sasa, gharama za kuepuka haya si kubwa. Msingi upande angalau sentimita 30 juu ya ardhi, karatasi ya nailoni iwekwe chini ya jamvi na kati ya msingi na kozi ya kwanza ya ukuta, upenu uwe mpana, ardhi iteremke kuondoka nyumbani kiasi cha sentimita tano kwa kila mita, na gata liingizwe kwenye bajeti kabla ya dari ya jipsamu na vigae vya sebuleni. Kwa ambaye nyumba yake imeshasimama, mwezi wa kazi ni Septemba, na wa mwisho ni Oktoba. Panda paani, zunguka kuta zote nne, zibua mtaro. Ukishaona wingu la kwanza upande wa Sikonge, fundi wako atakuwa ameshachukuliwa na wengine.